Mkono Unapotulia

Mkono wa kulia wa baba hutetemeka ukiwa umepumzika. Kidole gumba na cha shahada husuguana polepole, mfano wa mtu anayeviringisha tonge la ugali kabla ya kulichovya. Ukiutazama kwa muda unaanza kuliona lile tonge.

Jumapili moja mwezi wa Februari nilikuwa nimekaa naye sebuleni kwao Umoja, Nairobi, runinga inawaka bila sauti, Mama yuko jikoni anakatakata sukuma. Tonge likaviringishwa, likaviringishwa. Mara simu ikatoa mlio mfupi pale mezani. Mkono ukainuka, ukaifuata, na ukiwa njiani ukatulia tuli. Kidole gumba kikafungua simu, kikagusa hapa, kikagusa pale, kikabonyeza nambari nne za siri bila kukosea hata moja. Simu iliporudi mezani na mkono uliporudi pajani, tonge likaanza upya.

"Umetuma pesa, Baba?"

"Kitu kidogo tu."

Kitu kidogo kilikuwa shilingi 3,000, zimewekwa kwa mechi ya timu mbili za Vietnam ambazo hakuna mtu nyumbani kwetu angeweza kutamka majina yao.

Baba alifundisha hisabati kwa miaka 31. Akifika kwenye mada ya uwezekano alikuwa akiingia darasani na sarafu moja, anairusha juu, anaidaka, na kabla ya kuifunua anasema: "Mwenye kibanda cha kamari hachezi kamari. Anauza hisabati kwa watu waliokosa kipindi changu." Wanafunzi wake wa zamani bado hunikariria hilo wakinikuta mjini.

## Kwa hivyo si mimi

Sitasimulia miezi saba iliyotangulia. Kila nyumba inayojua kubeti inaijua: mlango unafungwa kwa ndani, mkopo wa sacco unatokea ambao hakuna aliyeusikia, Mama anajifunza kusoma taarifa za M-Pesa kuliko karani wa benki. Alijumlisha kwa kalamu nyuma ya kalenda. Shilingi 412,000.

Kilichobadilisha mambo ni swali la daktari. Tulimpeleka baba kliniki kwa ajili ya mtetemeko, si kwa ajili ya pesa. Daktari, mwanamke mchanga mwenye sauti ya chini, alimaliza kumkunja viwiko, akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi, kisha akauliza kama vile anauliza kuhusu choo: "Kuna jambo analolifanya sana siku hizi ambalo zamani hakuwa nalo? Kununua vitu, kula, kamari?"

Mama aliangalia sakafu. Mimi nikaangalia Mama.

Baba ana ugonjwa wa Parkinson, na alikuwa akitumia dawa iitwayo pramipeksoli. Katika ugonjwa huo, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo hutumia kupeleka ujumbe, hufa kidogo kidogo ndani kabisa ya ubongo, na mwili unakosa ule ulaini wa kuanzisha mwendo. Pramipeksoli ni dawa inayojifanya dopamini. Inaingia pale dopamini ingeingia, mwili unalegea, mtu anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Lakini dopamini haina kazi moja. Njia nyingine za ubongo huitumia kupima tuzo: jambo likitokea zuri kuliko ulivyotarajia inapanda, likitokea baya inashuka, na huko kushuka ndiko kunakokufundisha. Dawa haijui kushuka. Inabaki pale pale saa zote, umeshinda au umeliwa. Mwaka 2004 kundi la Michael Frank lilionyesha kwamba wagonjwa wa Parkinson wakiwa wamemeza dawa zao hujifunza zaidi kutokana na ushindi, na wakiwa hawajameza hujifunza zaidi kutokana na makosa.

Hesabu ninayo, maana mimi ni mtoto wa mwalimu wa hesabu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 uliangalia wagonjwa 3,090 Marekani na Kanada. Miongoni mwa waliokuwa kwenye dawa za jamii hii, asilimia 17.1 walikuwa na tatizo la kushindwa kujizuia: kamari, ununuzi, ulaji au ngono. Miongoni mwa wasiozitumia, asilimia 6.9.

Daktari alipomaliza kueleza, baba alinyamaza kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

Hakuwa anauliza. Daktari naye hakujibu. Aliandika mpango wa kupunguza kipimo hatua kwa hatua (dawa hizi haziachwi ghafla, na msomaji mwenye mzazi kama wangu tafadhali asijaribu udaktari wa nyumbani), akaongeza kidogo dawa yake nyingine, levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, akatupa tarehe ya kurudi.

Wiki ya sita, baba aliacha. Alitazama mechi nzima ya Jumamosi simu ikiwa chumbani. Nilitaka kumpongeza nikashindwa, kwa sababu sikujua nampongeza nani.

## Saa ya jikoni

Hilo ndilo lililonikera wiki baada ya wiki, kwenye foleni ya benki, ndani ya matatu, usiku nikigeuza mto.

Mkono unaotetemeka tunasema si yeye, ni ugonjwa. Mkono unaotulia na kwenda unakotaka tunasema ndiye yeye. Hata daktari hutumia tofauti hiyo kutambua ugonjwa: mtetemeko wa Parkinson huja mkono ukiwa umepumzika na hupungua mtu anapoutumia kwa kukusudia. Sasa wetu ulikuwa umetulia, umekusudia, umekumbuka nambari ya siri. Na bado tumeambiwa si yeye.

Nikaanza kusoma. Kila njia ilinirudisha kwa Benjamin Libet, mtafiti wa San Francisco, na makala yake ya mwaka 1983. Aliwaketisha watu mbele ya saa ambayo nukta yake huzunguka duara zima kwa sekunde 2.56, akawafunga vihisi vya umeme kichwani, akawaambia wakunje mkono wakati wowote watakaojisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi walipohisi hamu ya kuukunja. Wajerumani wawili, Kornhuber na Deecke, walikuwa tayari wamegundua miaka ya 1960 kwamba umeme wa ubongo hujikusanya polepole kabla ya mtu kufanya tendo la hiari. Libet alitaka kujua: hamu na umeme, kipi hutangulia?

Umeme ulitangulia. Ulianza kama milisekunde 550 kabla ya mwendo. Hamu ilihisiwa kama milisekunde 200 kabla. Theluthi moja ya sekunde nzima ubongo uko njiani, na mwenye ubongo hana habari.

Nilijaribu nyumbani, Donholm, saa tano usiku, na saa ya ukutani ya jikoni. Nilikaa, nikaweka kidole juu ya meza, nikasubiri hamu. Ajabu ni kwamba ukiisubiri haiji. Kisha kidole kikainuka na sikuweza kusema kama nilikiinua au niliambiwa kimeinuka. Mtoto wangu akatoka chumbani kunywa maji, akanitazama, akarudi kulala bila neno.

Libet mwenyewe hakutaka kuzika hiari. Alisema kati ya hamu na mwendo kuna mwanya mdogo, na ndani yake mtu anaweza kukataa. Huwezi kuchagua kinachobisha hodi. Unaweza kukataa kufungua. Mwenye M-Pesa ataelewa bila mfano mwingine: umeshaandika kiasi, umeshaweka siri, halafu linakuja jina la anayepokea na fursa fupi ya kusitisha. Watu wengi wameokoka hapo. Wengi zaidi wamelitazama jina, wakaona silo, na kidole kikaendelea tu.

## Gari likijaa

Kwa siku kadhaa nilitembea nikiamini mambo yamekwisha, kwamba sisi ni abiria. Ilizidi niliposoma utafiti wa mwaka 2008 kutoka kundi la John-Dylan Haynes, Ujerumani, ambapo mashine ya kupiga picha za ubongo ilitabiri hadi sekunde 10 mapema kama mtu atabonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia. Nikamweleza baba. Akauliza swali moja: "Ilipatia mara ngapi?"

"Karibu sitini kwa mia."

Akacheka hadi tonge likaacha kuviringika. "Sarafu yangu inapatia hamsini, na haihitaji umeme."

Ndiyo mara ya kwanza katika miezi mingi nilimwona mwalimu.

Kilichonigeuza zaidi ni Aaron Schurger, aliyechapisha wazo lake na wenzake mwaka 2012, na nililielewa nikiwa nimesimama stejini nikisubiri gari la kurudi nyumbani. Alisema huenda ule umeme unaopanda si uamuzi uliokwisha kufanywa gizani. Ubongo una mawimbi yake ya kawaida, yanapanda na kushuka bila maana. Mtu akiambiwa "sogeza mkono ukijisikia," hana sababu ya kuchagua sekunde hii badala ya ile, basi wimbi likipanda likavuka kizingiti, mkono unakwenda. Watafiti wakirudisha filamu nyuma kuanzia pale mkono ulipokwenda, lazima waone mpando, maana wamechagua tu nyakati ambazo wimbi lilivuka.

Matatu ya watu 14 huondoka ikijaa. Ukichukua magari mia yaliyoondoka ukatazama dakika kumi zilizotangulia, utaona viti vikijaa taratibu, na unaweza kuapa kwamba gari lilikuwa limeamua kuondoka tangu abiria wa tatu. Halikuwa limeamua. Hukuyaona yale ambayo abiria wa tano alishuka kwa hasira akaenda kupanda basi.

Halafu kuna la mwaka 2019, la Uri Maoz na wenzake. Waliwapa watu maamuzi yenye uzito: shirika lipi la hisani lipate msaada wa dola 1,000. Wakawapa na maamuzi yasiyo na uzito, ambapo chochote watakachobonyeza ni sawa. Kwenye yale ya ovyo ule mpando wa umeme ulionekana. Kwenye yale ya kufikiriwa haukuonekana, au ulikuwa hafifu mno. Maana yake miongo mitatu na zaidi tulikuwa tukibishana kuhusu hiari kwa kutazama vidole visivyo na la kuchagua.

Hili lilinifariji kwa takriban siku mbili. Mzee hakuwa akikunja mkono ovyo. Alikuwa akichagua timu, akisoma matokeo yaliyopita, akipiga hesabu pembeni kwa penseli. Kufikiri kulikuwepo. Dawa haikukaa nje ya kufikiri ikisukuma. Ilikuwa ndani, imevaa miwani ya baba na kushika penseli yake.

## Na huyu

Nina mdogo wangu. Ana miaka 26, ana diploma ya umeme, anapata vibarua vya kufunga nyaya wiki moja kati ya tatu. Anabeti tangu kidato cha nne. Ameuza kompyuta yangu, ameuza jiko la gesi la Mama, na mwaka juzi alikula karo ya muhula aliyotumwa kumlipia binamu yetu. Tulimfanyia kikao cha ukoo. Tulimwita mwizi akiwa amekaa katikati ya sebule, baba akiwa wa kwanza kulitamka.

Mama, ambaye humtetea mtu yeyote, siku hiyo alisema: "Huyu hakushikwa mkono na mtu."

Baada ya habari ya dawa kuenea katika familia, watu walimjia baba na matunda. Shangazi alilia. Deni la sacco likachangiwa kwenye kundi la WhatsApp siku mbili tu, na mdogo wangu naye akatuma shilingi 500. Usiku huo alinipigia.

"Dada, naomba kuuliza. Mzee akibeti ni ugonjwa. Mimi nikibeti ni tabia. Tofauti ni nini?"

"Mzee alikuwa anakunywa dawa."

"Sawa. Mzee alipewa dawa. Mimi nilipewa nini?"

Sikuwa na jibu, nikamjibu vibaya, akakata.

Mimi ningeorodhesha alichopewa, maana nilikuwepo. Simu akiwa na miaka 16. Tangazo kila kona ya barabara, redioni kila baada ya wimbo, majina ya kampuni za kubeti vifuani mwa wachezaji aliowaabudu. Mji wenye kazi wiki moja kati ya tatu. Stejini kuna vijana wanaolipwa kukaa kwenye viti ili gari lionekane liko karibu kujaa. Ukiingia, wanashuka mmoja mmoja. Kichwa cha mdogo wangu kimekaliwa na vijana wa namna hiyo tangu akiwa mtoto, na sisi tunamuuliza kwa nini gari lake linaondoka haraka.

Robert Sapolsky wa Chuo Kikuu cha Stanford, mtu aliyetumia misimu mingi ya maisha yake akiwafuatilia nyani kule Maasai Mara, anaifuata hoja hii hadi mwisho. Kwake hakuna hiari kabisa: nyuma ya tendo kuna sekunde iliyotangulia, nyuma yake homoni za asubuhi, nyuma yake utoto, mimba, utamaduni wa mababu, na hakuna ufa ambapo "mimi" huru anapenya. Kubaini chanzo kwa mmoja na kukikosa kwa mwingine ni suala la vipimo tu. Baba alibahatika kwamba chanzo chake kinauzwa dukani na kina karatasi ya maelezo.

Nusu yangu inakubali. Nilimlaumu mdogo wangu kwa kile kile nilichomsamehe mzee, na kilichowatenganisha ni karatasi ya maelezo.

Nusu nyingine inagoma, na si kwa hoja nzuri. Kwanza, kama si baba aliyebeti, basi sioni jinsi ninavyoweza kusema ni baba aliyeamka saa kumi na moja kwa miaka 31 kusahihisha madaftari. Siwezi kumvua moja nikamwachia jingine. Pili, mwenye kampuni ya kubeti naye ana ubongo, utoto na homoni za asubuhi. Nikimsamehe mdogo wangu kwa kanuni hii, nimwite na huyo mezani. Sitamwita. Hapo falsafa yangu huishiwa na nauli.

## Ijumaa

Aliyesogeza jambo ni baba, na hakusoma hata ukurasa mmoja wa haya.

Siku moja mwezi wa Mei alimwita mdogo wangu. Nilidhani ni kikao kingine. Akatoa simu yake mwenyewe, akatoa laini, akaitia ndani ya mkebe wa majani chai ulio juu ya kabati.

"Mimi nimepunguziwa dawa lakini sijiamini," alisema. "Ligi huchezwa kuanzia Ijumaa. Ijumaa saa moja jioni laini yangu inaingia humu, Jumatatu asubuhi inatoka. Kijana, mkebe una nafasi."

Mdogo wangu alicheka. Kisha akaona mzee hacheki.

Nimefikiria sana kwa nini hilo lilinigusa kuliko usomaji wote. Nilikuwa nikiitafuta hiari pale kwenye milisekunde 200, kwenye kidole kilicho juu ya kitufe, mahali ambapo mzee alikuwa amekwisha kushindwa mara mia. Yeye aliitafuta siku tatu mapema, sebuleni, chai ikiwa mezani na watu wakimwona. Sapolsky angesema na hiyo Ijumaa ina sababu zake, na angekuwa sahihi: kipimo kilipunguzwa, aibu ilikuwepo, Mama alikuwepo. Sijui kama bado nataka kubishana naye. Naona tu kwamba safari hii mimi nilikuwa miongoni mwa sababu, na mkebe pia.

Ijumaa ya kwanza mdogo wangu alikuja. Ya pili akaja na laini isiyo yake. Mzee aliijua, akaipokea hivyo hivyo, akairudisha Jumatatu bila maneno. Ya tatu akaleta iliyo yake.

Ijumaa iliyopita saa moja ilipita. Saa moja na nusu ikapita. Chai ilikuwa imeunda utando. Baba alikuwa ametazama mlango, tonge likiviringika haraka kuliko kawaida, maana wasiwasi huuzidisha mtetemeko. Saa mbili kasoro tukasikia geti.

Aliingia na vumbi la saruji kwenye viatu, simu mkononi, mwanga wake usoni. Akaamkia bila kuinua macho.

"Dakika moja tu, Baba. Naomba dakika moja."

Baba akasema sawa.

Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Dakika ikaisha, ya pili ikaisha. Hatukujua anachofanya na hakuna aliyeuliza. Mama akavua hereni ya sikio la kushoto, ndiyo tunayotumia kutolea laini, akaiweka juu ya meza mbele yake, akaenda kupasha chai.